Dubu Mwenye Vifungo vya Shaba

Hadithi iko mlangoni.
— Ifungulieni, iingie.
Imevaa nini?
— Hatuulizi, mradi imekuja.

Basi sogeeni motoni, na kabla sijaanza nisaidieni fumbo hili, maana mimi limenishinda. Mnyororo mmoja, kufuli moja, ufunguo mmoja. Ufunguo unaning'inia shingoni mwa mtu mmoja, naye hauvui hata akioga. Siku moja kufuli likakutwa wazi, halikuvunjwa, na ufunguo uko palepale shingoni. Nani alifungua? Bibi aliyenisimulia hakujua, na aliyemsimulia yeye hakujua. Labda nyinyi mtaniambia.

Hapo kale, huko Ulaya, katika nchi za baridi ambako maji ya mto huganda hata mtu akapita juu yake na kikapu chake, palikuwa na mji uitwao Valdemora. Kila mwaka, kabla ya mfungo wao mkubwa, watu wa Valdemora walicheza siku tatu wamejifunika nyuso. Kila mmoja alivaa kitu asichokuwa. Hakimu alivaa kabichi. Mpishi alivaa taji. Mabibi wa majumba makubwa walivaa kuku, wakataga mayai ya sukari ngazini.

Na sheria ilikuwa moja. Aliyevaa barakoa haulizwi jina wala hatajwi. Ni Bwana Barakoa, au Bibi Barakoa, basi. Atakayesema kilichomo ndani ya vazi la mwenzake, atavishwa kichwa cha punda siku arobaini.

Kichwa hicho kilikuwapo kweli. Kilitundikwa msumarini dukani kwa Zaneta, mjane aliyetengeneza barakoa zote za mji kwa karatasi, gundi na subira. Hakikuwahi kuvaliwa. Panya walizaa katika sikio la kushoto, na Zaneta aliwaachia.

Mwaka ninaousimulia, msimamizi wa sherehe alikuwa Bwana Tadeo. Hakuwa mtu mbaya. Alitaka watu wafurahi, ila hakuwa amejiuliza wanafurahia nini. Alinunua mtoto wa dubu kutoka kwa wawindaji, akamfunga kwa mnyororo kwenye nguzo uani kwa Mtawala, akatangaza kwamba siku ya tatu, kengele ya adhuhuri ikilia, ataachiwa mbwa sita. Ufunguo akamkabidhi Mtawala Ermolao, naye Mtawala akauvaa shingoni.

Asubuhi ya siku ya tatu, Zaneta akasikia hodi.

Akasema karibu, macho yake yako kwenye sindano. Akauliza mgeni anataka barakoa ya nini.

"Ya dubu," mgeni akajibu.

Zaneta akainua uso. Mlangoni alisimama dubu jike, theluji mgongoni, amejikunja asigonge kizingiti.

"Wewe mama huhitaji," Zaneta akasema.

"Nahitaji kuliko wote. Mwanangu yuko uani kwa Mtawala. Nikiingia hivi nilivyo, nitachomwa mikuki kabla sijafika nusu ya njia."

Zaneta akaacha kushona. Akamtazama dubu, akaitazama sindano, akamtazama dubu tena. Kisha akachukua ukanda wa kitambaa cha kahawia, akashonea vifungo vya shaba kumi na viwili, akaufunga mbele ya mwili wa dubu toka kidevuni hadi chini. Nyuma ya masikio akamfunga kamba, fundo likaonekana. Akarudi nyuma hatua tatu. Sasa alikuwa mtu aliyevaa ngozi ya dubu, tena ngozi iliyoshonwa kwa haraka.

Halafu akashona ukanda mwingine, mfupi, vifungo vinne.

"Huo wa nini?"

"Wa kutokea," Zaneta akasema, akautia mfukoni mwa aproni. Akavaa barakoa yake ya bundi, wakaenda kwa Mtawala.

Bawabu akawainamia. "Karibu, Bibi Barakoa. Karibu, Bwana Barakoa." Dubu akaitikia kwa kichwa.

Ukumbi ulikuwa umechafuka kwa raha. Kabichi alicheza na kuku. Mfagiaji wa barabara, amevaa askofu, alikuwa akibariki keki moja baada ya nyingine kisha anazila. Na dubu walijaa, maana mwaka huo kila mtu alitaka kuwa dubu. Zaneta akawahesabu. Kumi aliwashona yeye. Wa kumi na moja alikuwa yule mama dubu. Lakini alipohesabu tena, akapata kumi na wawili. Akahesabu mara ya tatu: kumi na wawili.

Yule mmoja aliyezidi hakuwa kazi ya mkono wake. Na sheria ilimkataza kuuliza.

Ngoma ya kwanza ikapigwa. Mama dubu akajaribu kusogea kuelekea mlango wa uani, akanaswa na kuku mnene, akazungushwa ukumbi mzima.

Ngoma ya pili ikapigwa. Akasogea tena, wakamkokota kwenye mashindano ya dubu bora. Waamuzi wakamtazama mbele na nyuma. Wakampa nafasi ya tatu. Walisema manyoya si mabaya, lakini hajui kutembea kama dubu, na ule mngurumo wake haumtishi mtu. Nafasi ya kwanza ikaenda kwa muuza vitambaa, aliyenguruma kwa vina.

Ngoma ya tatu ikapigwa. Adhuhuri ilikuwa karibu, na mbwa walisikika uani. Zaneta alikuwa ameshika mfuko wake asijue la kufanya, ndipo yule dubu asiyemjua akamshika mkono, wakacheza. Alicheza vibaya, kama mtu ambaye maisha yake yote wenzake wamemwacha ashinde.

"Umebeba nini mfukoni, Bibi Barakoa?" akauliza kwa sauti ya chini.

"Vifungo."

"Vya nani?"

"Vya mdogo."

Dubu akanyoosha kiganja. Kwa nini Zaneta alimwamini, hakuweza kueleza hata uzeeni. Akautia ule ukanda kiganjani, na ngoma ilipogeuka, dubu hayupo.

Wakati huohuo Bwana Tadeo, amevaa simba, alimkanyaga mama dubu mguu. Akaomba radhi, na ili aonekane mpole akamsifia manyoya, akayavuta kidogo. Hayakutoka. Akayavuta tena. Hayakutoka. Akayavuta mara ya tatu, kwa nguvu, na pua ya dubu ikamgusa, baridi na majimaji.

"Huyu si mtu," Tadeo akapiga kelele. "Ndani ya hilo vazi mna dubu."

Zumari zikanyamaza. Kabichi akavua jani moja la sikioni asikie vizuri.

"Bwana Barakoa," akamwambia, "umetaja."

"Lakini ni dubu kweli. Mshikeni pua."

"Mimi ni kabichi kweli," hakimu akasema. "Umesikia mtu akinitaja?"

Mama dubu akajinyoosha. Akafunga kifungo kimoja kilicholegea, polepole, kama bibi aliyekosewa adabu mbele za watu, akaelekea mlangoni. Dubu wengine wakaona wote wametukanwa, wakamfuata kwa hasira.

Bawabu akawaaga mmoja mmoja. Kwaheri Bwana Barakoa, kwaheri Bwana Barakoa. Dubu kumi na wawili waliingia. Bawabu akaaga mara kumi na tatu, na mara ya mwisho aliinama sana, maana huyo alimfikia magotini, vifungo vinne kifuani, ananyonya kidole. "Kwaheri, mtoto Barakoa."

Kengele ya adhuhuri ikalia. Barakoa zikavuliwa, kama ilivyo desturi ya siku ya tatu. Wale dubu wakarudi ukumbini, wakawa watu kumi, na Zaneta aliwajua wote. Mtawala Ermolao akaingia kwa mlango wa uani, anahema, ufunguo shingoni. Nguzoni mnyororo ulilala, kufuli wazi. Begani kwa Mtawala palikuwa na unywele mmoja wa kahawia. Lakini siku ile nani hakuwa na unywele wa dubu begani? Wote walicheza.

Wengine husema barakoa humficha mtu. Mimi naona kuna watu hawaonekani mpaka wafunikwe, na tusiwafunue haraka.

Mtawala akakaa, akasikiliza, akaamua mambo mawili. Bwana Tadeo avae kichwa cha punda siku arobaini. Na ile nguzo ing'olewe, isisimamishwe tena.

La kwanza alilitekeleza Zaneta: aliwahamisha panya kwenye kofia kuukuu, akamfunga Tadeo kamba kwa mafundo matatu. La pili alilitekeleza Tadeo mwenyewe, kwa jembe, siku nzima, masikio yakimwangukia machoni, na kila mpita njia akimwamkia kwa heshima: "Habari za kazi, Bwana Barakoa."

Hadithi imetoka kwa mlango ilioingilia.
— Tumeiaga.
Mliwahesabu waliotoka nayo?
— Tumezidi mmoja.