Mzinga wa Nyanzobe

Hapo kale! Si kale ya jana wala ya juzi, wajukuu zangu. Ni kale ile ambayo mawe yalikuwa laini na vichwa vya wazee vigumu. Mawe yamekwisha kuwa magumu. Vichwa bado havijalainika. Sogeeni.

Katika nchi ya miombo aliishi binti aitwaye Nyanzobe, mtoto wa pekee wa Ngassa, mrina asali. Ngassa alipofariki, hata matanga hayajaanuliwa, mdogo wake Lugembe akaja akaichukua mizinga yote iliyotundikwa mitini.

"Baba mdogo, hiyo ni mizinga ya baba yangu."

"Nani kakataa? Ni ya baba yako. Utaipandia nini? Mwanamke akipanda mti wa mzinga, nyuki huhama nchi. Huo ni mwiko, sikuutunga mimi."

"Na mimi na mama tule nini?"

"Nitawaletea masega mlambe."

Akaenda zake anacheka. Anacheka, wajukuu zangu! Kaburi bado bichi, naye anacheka!

Mama akamwambia Nyanzobe anyamaze. Hakunyamaza. Alikwenda kwa Mzee Shilinde, mtunza miiko.

"Babu, mwiko wa mizinga unasema nini hasa?"

"Mwanamke asipande mti wa mzinga."

"Na zaidi?"

"Zaidi ya nini? Umeishia hapo."

"Ahsante, babu."

Sasa sikieni alivyowaza. Kama mwanamke hapandi, basi mzinga ushuke. Akabandua gome, akalikunja likawa mzinga, akauweka chini. Nyuki wakaingia. Nyegere, mwizi wa asali, naye akaja, akapasua, akala, na haja akaimalizia hapohapo! Nyanzobe akasuka kamba, akaifunga jiwe, akalirusha juu ya tawi, akauvuta mzinga mpya. Kamba ikalika kwenye gome la tawi, ikakatika. Akasuka tena, ikakatika tena. Watu wakamcheka wee! "Njooni mwone, Nyanzobe anaunyonga mti!" Akasuka tena, na safari hii akaipaka nta. Kamba ikateleza kama nyoka, mzinga ukapanda, nyuki wakaingia. Masega yalipojaa akafukiza moshi, akaushusha mzinga taratibu kama mama anayemshusha mtoto mgongoni. Asali! Na unyayo wake haukuiacha ardhi.

Mnadhani walimpongeza? Thubutu!

Wajane wakaja, akawafundisha. Wasichana wakaja, akawafundisha. Punde wakawa na asali ya kubadilisha kwa chumvi na majembe, bila kumpigia mtu magoti. Hapo ndipo wazee walipoanza kuwashwa. Baraza likaitwa mbele ya Mtemi, mtawala wa nchi.

"Mwanamke asiguse kamba ya mzinga," akatangaza Shilinde.

"Babu, uliniambia mwiko unaishia mtini."

"Umerefuka."

"Lini?"

"Leo asubuhi."

Wanawake wakaguna. Lugembe, mjanja yule, akaona mambo yanaharibika, akalainisha sauti. "Wazee wangu, ya nini kugombana? Mzinga wenyewe ni mzuri. Binti ni wa ukoo wangu, basi alichobuni ni changu. Tuuite Mzinga wa Lugembe, na hawa wanawake wanifanyie kazi."

Wazee wakaafiki. Wote! Hata mmoja hakuona haya!

Damu ilimpanda Nyanzobe hadi masikioni. Mama akamvuta nguo aketi, yeye akasimama hivyohivyo.

"Baba mdogo, asubuhi mzinga huu ulikuwa mwiko kwa kuwa ni wangu. Sasa ni mzuri kwa kuwa ni wako. Gome ni lilelile, kamba ni ileile, nyuki ni walewale. Kimebadilika nini?"

Lugembe akakohoa. "Keti, binti. Unasema na wakubwa."

"Nitaketi nikijibiwa."

Na desturi ya nchi ile, wanangu, ilikuwa kwamba baraza halivunjwi wala halili chakula mtu akiwa amesimama na swali lake. Hakuna aliyejibu, basi hakuketi. Jua likafika utosini, hakuketi. Mama yake, yuleyule aliyekuwa akimvuta nguo, akainuka akasimama naye. Wakainuka wajane. Wakainuka wasichana. Wazee wakangoja wanawake wachoke, wakachoka wao, matumbo yakinguruma kama ngoma za mbali.

Jua likielekea kutua, Mtemi akasema kwa sauti ya mtu mwenye njaa, "Swali hili halina jibu ila moja. Mizinga ya kamba ni ya aliyeibuni na wote aliowafundisha. Ya Ngassa irudi kwa bintiye. Haya, tukale!"

Nyanzobe akaketi. Alikuwa ameshinda.

Lakini uchungu wenyewe ni huu. Nyanzobe alipokufa, wakaja wasimulizi, wakasema mzinga wa kamba ulibuniwa na Lugembe. Lugembe! Mtu ambaye hakuwahi kusuka hata kamba ya mbuzi! Na wapo wanaosimulia hivyo hadi leo.

Basi, mabinti, bunini. Uzeni mlichobuni. Ongozeni. Mkizuiwa kwa mwiko, ulizeni unaishia wapi, na msiketi kabla ya jibu. Nanyi wavulana mnaochekelea hapo nyuma, dada yenu akisimama, simameni naye.

Hadithi yangu imefika mlangoni. Atakayeitoa nje, aitoe na jina la mwenyewe: Nyanzobe.