Nusu ya Kichwa cha Afande

Chande Kidevu, kinyozi wa pembeni mwa soko, hakuwa na kibanda. Alikuwa na kiti, wembe, kioo cha kutundika ukutani na mdomo mtamu. Asubuhi moja akatokea Afande Mwinjaka, mkuu wa mgambo.

"Kidevu, mji unasafishwa. Adhana ya adhuhuri ikisikika, kiti hiki nisikione hapa!"

"Amri yako, afande."

Afande akajitazama kiooni. Alasiri hiyo alikuwa anamwoza bintiye, na kichwa kilikuwa kichaka. Akajibwaga kitini. "Kabla hujaondoka, ninyoe upara. Bure!"

"Bure kabisa, afande. Ni heshima kwangu."

Chande akamfunga shuka shingoni, akanoa wembe taratibu, akauliza habari za harusi, akamsifia mkwe. Afande akasinzia kwa raha. Alizinduka adhana ikilia, shuka likivuliwa shingoni.

"Umemaliza?"

"Hapana, afande. Natii amri."

Afande akageukia kioo. Upande mmoja uling'aa kama sufuria mpya. Wa pili ulikuwa kichaka kilekile. Wauza nyanya wakaangua kicheko.

"Nimalizie, Kidevu!"

"Nikikaa nitakuwa nimekuasi. Labda uitengue amri, soko zima lisikie."

"Nimeitengua! Kaa hapahapa!"

Chande alikuwa ameshakitia kioo kwapani. "Mpaka lini, afande?"

"Mpaka nywele zangu ziache kuota!"

Chande akakitundika kioo ukutani. "Basi keti, afande. Mungu azizidishe."