Jina la Mtoto wa Tusekile

Hadithi hii nawategea kama kitendawili, ila mji sitauomba, maana jibu hata mimi sina. Sikilizeni kwanza, halafu mnisaidie.

Katika chuo kimoja cha bara palikuwa na maabara isiyo na chupa wala darubini. Ilikuwa maabara ya watu. Mtu aliitwa, akapewa chai, akasimulia maisha yake, na mtafiti akarekodi. Vyumba vilikuwa viwili tu, cha kusubiria na cha mazungumzo, na watafiti watatu walivitumia kwa zamu. Mlangoni walibandika sharti moja: Linalosemwa humu halitoki humu.

Watafiti hao walikuwa wanawake, na kila mmoja alikuwa na kipaji chake. Sikudhani alikuwa na sikio. Neno likishaingia kwake halikutoka tena. Tumsifu alizijua kanuni na hakuchoka. Ofisi ikimfungia mlango, alikaa kwenye benchi mpaka ufunguliwe. Bupe alikuwa mtu wa watu. Fundi mkali au mama mwenye haya, wakikaa naye kidogo tu walilegea.

Sasa Tusekile. Huyu alikuwa mshona nguo wa mji uleule wa chuo, mke wa Kobelo, mwenye mimba ya miezi mitatu, na kutulia hakujui. Kwenye foleni aligeuka kutazama nyuso za walio nyuma yake. Akisikia lafudhi ya kwao Rungwe sokoni, aliacha kitambaa alichokuwa akipima na kuifuata. Alikuwa akimtafuta kaka yake, Ambakisye, mwaka wa kumi na tisa sasa.

Mama yao alifariki Tusekile akiwa na miaka saba, naye mwenyewe yuko hospitali kwa surua. Alipopona akaambiwa, "Kaka yako kachukuliwa na mjomba, wamehamia mbali. Hakukuulizia." Neno hilo ndilo lililomzuia kutulia. Alitaka amwone Ambakisye amuulize mdomoni mwake: kwa nini hukuniulizia?

Siku moja alisikia kwamba chuoni wanatafuta watu waliolelewa mbali na wazazi. Akaenda. Aliyempokea ni Sikudhani. Tusekile alisimulia huku akiinuka na kukaa, akaeleza jinsi mama yao alivyokuwa akifunga mlango jioni kwa kupitisha mwiko kwenye pete mbili za bati, kisha akisema, "Wa ndani ni wa ndani, wa nje ni upepo." Akalia kidogo, akanywa chai, akaenda zake.

Yaliyofuata Tusekile aliyajua baadaye.

Watafiti wale walikuwa na desturi ya kuhakikiana kazi. Mmoja alisikiliza rekodi za mwenzake zilizoondolewa majina, akaangalia kama maneno yameandikwa sawasawa. Wiki tatu baada ya Tusekile, Sikudhani alikuwa akisikiliza rekodi ya Bupe. Ilikuwa ya mshiriki wa kumi na nne, fundi wa kuchomelea mageti, aliyeulizwa jinsi anavyopatana na wateja. Katikati ya habari za mageti fundi akacheka, akasema, "Mama yangu hakuhitaji komeo. Alikuwa na mwiko na pete mbili. Wa ndani ni wa ndani, wa nje ni upepo."

Sikudhani akavua hedifoni. Wengine wangesikia mzaha wa fundi. Yeye alisikia watoto wawili ndani ya nyumba moja. Lakini sharti lilikuwa mlangoni, naye alikuwa ameapa. Siku kumi na moja alikaa na jambo hilo, mpaka akawaambia wenzake bila kutaja jina la mtu: "Nina mtu anayemtafuta mtu, na nadhani nimemsikia."

Tumsifu akasema, "Tukimwambia yeyote, kesho hakuna atakayetuamini humu. Tukinyamaza, tutawezaje kulala? Niachieni mimi."

Akaiandikia kamati ya maadili. Ikakataa. Akaandika tena, akitafuta kanuni moja baada ya nyingine. Aliwasubiri wazee wa kamati kwenye korido, akaahirisha utafiti wake mwenyewe, zamu zake za chumba zikapita bure. Barua ya tatu ikajibiwa: kila mshiriki aulizwe peke yake, bila kuelezwa lolote la mwenzake, kama angekubali kukutana na mtu anayeweza kuwa ndugu yake. Akikataa mmoja, basi, jambo limekwisha.

Tusekile alipoulizwa, alikubali kabla swali halijaisha. Fundi alikataa.

"Ndugu yangu alikuwa mmoja," alimwambia Bupe, "na alikufa kwa surua. Mjomba aliniambia. Sina mwingine."

Bupe hakubishana. Aliuliza kama anaweza kurudi, fundi akasema barabara si yake. Akarudi. Alikaa kwenye kopo la rangi karakanani, cheche zikiruka, wakazungumza habari za mvua na bei ya vyuma; la ndugu Bupe hakuligusa. Mara ya nne fundi alizima mashine.

"Kaburi sikuoneshwa," akasema. "Kila nikiuliza, mjomba alikasirika."

"Njoo basi," Bupe akamwambia. "Kama si yeye, utakuwa umekunywa chai tu."

Kwa ajili ya vikao hivyo, Bupe alilazimika kuyafuta mazungumzo ya fundi katika utafiti wake, kwa kuwa mtu uliyemwomba jambo si mshiriki tena. Akaanza upya na mwingine.

Siku ya kukutana, Tusekile alifika saa nzima mapema. Alizunguka chumba cha kusubiria hata Sikudhani akaogopa kwa ajili ya ile mimba. Mlango ukafunguliwa. Akaingia mwanamume mpana, mikono ina makovu ya moto, akasimama palepale kizingitini. Hakusalimu.

"Mama alifungaje mlango?" akauliza.

"Kwa mwiko," Tusekile akasema. "Nawe ulikuwa unauchomoa asubuhi kabla hajaamka, ili useme mwizi kaja."

Ambakisye akakaa chini sakafuni. Tusekile naye akakaa, kwa shida, akashika yale makovu. Swali alilolibeba miaka kumi na tisa hakuliuliza, maana ndugu yake alikuwa anasema mwenyewe, "Waliniambia umekufa. Tuse, waliniambia umekufa."

Miezi mitatu baadaye Tusekile alijifungua mtoto wa kike. Akaapa mbele ya wote kwamba mtoto atapewa jina la aliyemrudishia kaka yake. Hapo ndipo wahka uliporudi nyumbani.

Ambakisye alisema, "Aitwe Bupe. Hao wengine walikuwa na sikio na karatasi. Mimi nilishakataa. Aliyeniinua karakanani ni Bupe."

Kobelo alisema, "Aitwe Tumsifu. Hakukujua wewe wala mke wangu, na bado aliiweka kando kazi yake kwa ajili yenu. Bila barua ile, Bupe angekuja kwako kufanya nini?"

Tusekile alisema, "Na barua ingeandikwa kuhusu nini, kama Sikudhani hakusikia? Angeweza kuiacha ipite. Nani angemlaumu?"

Akaenda maabara kuwauliza wenyewe. Ikawa balaa zaidi. Sikudhani alimtaja Tumsifu, Tumsifu akamtaja Bupe, Bupe akasema yeye alipita tu njia iliyokwisha kulimwa na Sikudhani.

Akajaribu kumwomba mama mkwe ruhusa ya majina yote matatu. Mama mkwe akamtazama. "Mkwe wangu, mtoto mmoja jina moja. Majina matatu ni kikao."

Kwa hiyo, hivi ninavyozungumza nanyi, ni Ijumaa asubuhi. Tusekile yuko kliniki, mtoto begani, anatembea kutoka dirishani hadi mlangoni na kurudi. Nyuma yake kina mama wanasubiri. Karani ameandika tarehe, ameandika uzito, ameandika jina la baba, kalamu imesimama.

"Mama, mtoto anaitwa nani?"

Sikudhani alisikia. Tumsifu alifungua njia. Bupe alimleta. Mmoja wao angekosekana, ndugu wale wawili wangeendelea kuishi mji mmoja wasijuane.

Karani anangoja. Ninyi mlio hapa, ingekuwa kwenu, mngemtajia jina gani?