Swali Alilolimeza Mwuza Dawa

Katika habari za waja wema waliotutangulia, Mwenyezi Mungu awarehemu wote, imepokewa habari ya mwuza dawa mmoja wa mji wa Wasiti aliyeitwa Nuaimu bin Sahli. Alikuwa mtu wa makamo, mwembamba, mwenye ndevu zilizoanza kuingia mvi upande mmoja kabla ya mwingine, jambo ambalo mkewe, Bi Atika, hakuacha kumtania. Duka lake lilikuwa katika soko la wauza dawa, na aliyepita pale alipokewa kwanza na harufu ya shamari, kisha mlio wa mchi kinuni, kisha sauti ya Sheikh Nuaimu akiuliza maswali.

Maswali hayo ndiyo yaliyompa jina. Wako wenzake ambao ukitamka "tumbo" tu, mkono umeshafika kwenye mtungi. Yeye hakugusa kifuniko mpaka aulize maradhi yameanza lini, yanazidi wakati gani, ni kiungo gani kingine kinacholalamika, na mgonjwa ameshakunywa nini kabla ya kufika kwake. Siku moja walimjia watu watatu, wote wameshika matumbo. Wa kwanza hakuwa amekwenda haja kwa siku nne, akampa sanamaki kidogo na kumwamuru anywe maji mengi. Wa pili alikuwa ametoka kwenye karamu ya harusi, akampa shamari na kumshauri afunge kesho yake, apate thawabu na tumbo nalo lipumzike. Wa tatu maumivu yake yalikuwa yameteremka upande wa kulia, chini, na mwili ulikuwa unachemka. Huyo naye alitaka sanamaki kama ya jirani yake. Sheikh akakataa katakata, akamweleza kwamba dawa ya kuendesha ni hatari kwa tumbo la namna hiyo, akafunga duka na kumpeleka mwenyewe kwa tabibu. Sokoni wakacheka kwamba huyu mtu husifiwa hata kwa dawa asizouza.

Lakini hakuna mja asiye na kasoro, na kasoro ya Sheikh Nuaimu ilijificha ndani ya jambo jema. Alikuwa na haya nyingi mno. Mgonjwa akiwa mwanamume, aliulizwa mpaka habari za kucha. Wanawake wa mji ule hawakuwa na desturi ya kusimama dukani, wakiwatuma waume au kaka zao, na hapo maswali yake yalipungua. Aliuliza habari za kichwa, za koo, na za kifua kwa sauti ya chini, kisha akakoma. Kumuuliza mtu habari za mwili wa mkewe mbele ya kadamnasi aliona ni utovu wa adabu. Tena, Mungu amsamehe, jambo hilo alilihesabu katika mema yake.

Ikawa majira ya baridi, wakati mji mzima unakohoa. Siku moja kabla ya adhuhuri alikuja mfumaji aitwaye Hudhaili, mtu mpole mwenye mahaba makubwa na mkewe, Lubaba. Akaeleza kwamba mke wake anakohoa kikohozi kikavu, kinachozidi akilala chali, hata sasa analalia mito mitatu. Akipanda ngazi ya nyumba yao husimama katikati kuvuta pumzi.

Sheikh Nuaimu alinyanyua kichwa. Alijua kwamba kikohozi cha namna hiyo huenda kisiwe cha koo wala cha baridi. Huenda ni maji yamekusanyika mwilini, na dalili yake hutazamwa miguuni. Swali likamfika kwenye ncha ya ulimi. Akatazama watu waliokuwa wakingoja zamu zao, wanaume tisa au kumi, mmoja wao kinyozi asiyejua kufunga mdomo. Atamuulizaje mtu mwenye heshima zake habari ya miguu ya mkewe mbele ya hawa? Akalimeza swali. Akachanganya sharubati ya asali na mizizi ya susi, ile mitamu inayolainisha koo, akaitia kwenye chupa na kumwombea mgonjwa afya.

Zikapita siku tisa. Wakati huo mjini palikuwa panamaliziwa hospitali mpya ya wakfu, na aliyekuwa anatafutwa ni msimamizi wa hazina yake ya dawa. Kazi ya kumteua alipewa Sheikh Mundhiri, msimamizi wa soko, mzee mkali ambaye mizani za wauza dawa zilinyooka zenyewe akipita. Sheikh Nuaimu aliitamani nafasi ile kwa miaka mingi. Aliiombea katika sijda zake, kwa nia njema, maana hospitalini angewahudumia maskini wasiofika dukani kwake. Na asubuhi ya siku ile ya tisa Sheikh Mundhiri alikuwa ameketi dukani, juu ya kigoda, akimtazama anavyofanya kazi. Alikuwa ameshatikisa kichwa mara mbili kwa kuridhika, na sokoni walisema hajapata kutikisa kichwa zaidi ya mara moja kwa mwaka.

Hapo akaingia Hudhaili, uso umejaa furaha, amekumbatia kitambaa kipya alichokifuma kwa mikono yake. Akatoa salamu, akaanza kummwagia Sheikh sifa mbele ya watu wote. Koo la Lubaba limelainika, alisema, anaipenda ile sharubati kuliko chakula, anainywa asubuhi na jioni na kidogo katikati. Iliyobaki ameitenga ampelekee mama yake, ambaye naye ana kikohozi.

"Tena amenenepa, Sheikh, alhamdulillahi," akasema huku akicheka. "Yale makubadhi mekundu niliyomnunulia sikukuu ya Idi, sasa hayamwingii kabisa."

Watu wakacheka pamoja naye. Mkono wa Sheikh Nuaimu ulisimama juu ya mchi. Alijua vyema kwamba susi, pamoja na utamu wake, huyazuia maji mwilini, na mtu ambaye miguu yake imeanza kuvimba hapaswi hata kuionja. Lubaba hakuwa amenenepa. Alikuwa anajaa maji, na aliyemzidishia alikuwa ni yeye.

Na shetani hana haya. Akamjia pale pale, amevaa kilemba cha mwanachuoni. Mwambie, alimnong'oneza, kwamba dawa ya kwanza imekwisha kazi yake na sasa inafuata ya pili. Mpe shayiri, mpe shamari, apone zake, na hakuna atakayejua. Kisha akaongeza hoja ya kidini kabisa: ukijifedhehesha, watu watakukimbia waende kwa matapeli wa sokoni, na dhambi yao itakuwa juu yako. Naam, hata mimi ninayesimulia nikiifikiria hoja ile naiona ina sura nzuri.

Lakini Sheikh Nuaimu aliifikiria chupa. Bado ilikuwa imesimama kwenye rafu nyumbani kwa mfumaji, imesifiwa na kupendwa. Leo angempa Lubaba dawa nyingine, na kesho mama yake angeinywa ile ya kwanza. Mwaka ujao, kikohozi kikirudi, Lubaba mwenyewe angeifuata. Dawa isiyofaa iliyosifiwa haikai kwenye nyumba moja. Akafuta mikono yake, akatoka nyuma ya meza na kusimama mbele ya Hudhaili.

"Ndugu yangu, usinisifu," akasema. "Nimekosea. Siku ile ulipokuja ilinipasa nikuulize kama miguu ya mkeo imevimba, nikaona haya. Dawa niliyokupa haikumfaa, na imemdhuru. Asinywe tena hata tone, wala mama yake asipewe mpaka nijue hali yake."

Kinyozi, ambaye siku hiyo pia alikuwapo, akasogea mbele asikose neno. Hudhaili akakikunja kitambaa chake polepole na kukitia kwapani. Akauliza iwapo mke wake atakufa.

"Umri uko kwa Mungu," akajibu Sheikh. "Ila tukiwahi sasa hivi, natumaini kheri."

Sheikh Mundhiri akainuka kwenye kigoda, akatoka, na safari hii kichwa hakikutikisika.

Wakaenda moja kwa moja, wakimpitia tabibu njiani. Lubaba aliketi nyuma ya pazia la chumba chake, na mama yake akawa ndani pamoja naye. Tabibu akaomba mama ambonyeze bintiye kwa kidole gumba juu ya kifundo cha mguu, kisha aseme anachoona. Mama akasema pamebaki shimo, na halifutiki. Sheikh Nuaimu aliinamisha kichwa. Kisha, kwa mara ya kwanza maishani mwake, akamuuliza mwanamke mwenyewe habari za maradhi yake.

"Miguu ilianza lini, binti yangu?"

Sauti ikatoka nyuma ya pazia, dhaifu lakini yenye ucheshi.

"Kabla ya kikohozi, Sheikh. Niliona haya kumwambia mume wangu, nawe ukaona haya kumuuliza. Tulikuwa na adabu sana sote wawili, maradhi yakapata nafasi ya kukaa."

Chupa ikamwagwa uani. Tabibu akaagiza chumvi iondolewe kwenye chakula, mgonjwa asilale chali, na apewe maji ya shayiri na mbegu za shamari kwa kipimo, zimsaidie kukojoa. Sheikh Nuaimu akazichagua mwenyewe punje moja moja, akazitwanga na kuzipima mara tatu.

Siku zilizofuata zilikuwa za subira. Kinyozi alikuwa amepata la kusimulia, na habari ikaenea mji mzima. Wateja wakapungua, wengine wakivuka barabara ili wasimsalimu. Siku ya nne ikaja habari kwamba nafasi ya hospitali amepewa mtu mwingine, jina lake Qudama. Sheikh Nuaimu alihuzunika, na hakumficha mkewe huzuni yake. Bi Atika alimwandalia uji, akamtazama usoni, akamwambia kwamba angalau sasa mvi zimelingana pande zote mbili. Sheikh akacheka mpaka machozi yakamtoka, na baada ya hapo huzuni ikawa nyepesi kubebeka. Hakunung'unika. Kila siku baada ya sala ya alasiri alikwenda nyumbani kwa mfumaji, akasimama mlangoni na kuuliza habari za miguu. Hudhaili alimjibu kwa ufupi, siku za kwanza bila kumkaribisha ndani. Siku ya kumi akamwekea mkeka. Siku ya kumi na tatu akamletea maji ya kunywa, akamwambia shimo la kidole sasa linafutika upesi.

Ikafika siku ya kumi na nane, siku ya Alhamisi, ambayo Qudama alikuwa anakabidhiwa funguo za hazina ya dawa. Mji mzima ulikuwa hospitalini kula wali wa wakfu. Soko lilikuwa tupu, na Sheikh Nuaimu alikuwa peke yake dukani, akisafisha mitungi, akimwombea Qudama kwa Mungu amjaalie uangalifu.

Akasikia salamu. Hudhaili alikuwa amesimama mlangoni, na nyuma yake mwanamke aliyejifunika vizuri. Walikuwa wametoka mtaa wa wafumaji, ng'ambo ya daraja, kwa miguu. Mwanamke hakuwa anahema.

"Sheikh," akasema Lubaba, "uliuliza habari za miguu kila siku. Nimekuletea jibu."

Sheikh Nuaimu, ambaye hakuwa amepata kutazama mguu wa mwanamke asiye wake, akateremsha macho. Chini ya ushungi mrefu zilitokeza ncha mbili za makubadhi mekundu. Akayarudisha macho upesi na kuyaelekeza kwenye mitungi, akataka kusema alhamdulillahi, ikatoka na kilio.

Hudhaili akakitoa kitambaa kile kwapani na kukiweka juu ya meza. Sheikh akasema hastahili zawadi.

"Si zawadi," akajibu Lubaba. "Ni pazia. Kitundike kwenye pembe ile, uweke kigoda nyuma yake, ili mwanamke anayeumwa aje aseme mwenyewe."

Wakakitundika pamoja, mume akishika ncha moja na Sheikh nyingine, huku Lubaba akiwaelekeza upande upi umeshuka. Mpita njia mmoja aliyechelewa karamu akamuuliza Sheikh mbona hakwenda hospitalini siku kubwa kama ile. Sheikh Nuaimu akamtazama kwa mshangao wa mtu aliyeamshwa usingizini. Kwa furaha ile alikuwa amesahau kabisa kwamba ilikuwa Alhamisi.

Enyi ndugu zangu, kuona haya ni pambo la mja mwema, na hatutaki kulivua. Lakini mgonjwa aliyekuja kwetu ametukabidhi amana, na amana haitimizwi kwa kunyamaza. Tumuombe Mola atupe ulimi wa kuuliza kabla ya kutoa, na ulimi wa kusema "nimekosea" tukishatoa. Inasemekana pazia lile lilidumu dukani mpaka likachakaa, na kila aliyeketi nyuma yake, kabla ya jambo lolote, aliulizwa kwanza habari za miguu.