Mbaazi za Bure za Bi Mize

Palikuwa na sultani katika mji wa Kiungwi, jina lake Masudi, aliyezipenda barabara za mji wake zikiwa hazina watu. Siku moja alipita na farasi wake, akaona wachuuzi wa samaki, wa ndizi na wa uji wamejipanga kando ya njia, akaudhika. Mbiu ikapigwa: ni marufuku kuuza kitu barabarani. Anayetaka kuuza aende soko jipya. Soko lenyewe lilikuwa nje ya mji, nyuma ya makaburi, ambako majirani wengi hawana hamu ya kula.

Wachuuzi walikwenda. Walikaa na vitu vyao mpaka vikaoza, wakarudi majumbani.

Bi Mize hakwenda. Alikuwa mjane mwenye mdomo, na wanawe walilelewa kwa mbaazi za nazi. Asubuhi aliketi palepale pa siku zote, karibu na forodha, akafunua sufuria. Kila aliyepita alijaziwa bakuli. Kila aliyekula aliacha sarafu mkekani, akaenda zake. Bei haikutajwa.

Askari walimkamata mbaazi hazijapoa, wakamfikisha barazani. Sultani alikuwa ameketi, Kadhi Nasibu kuliani kwake.

Kadhi akaanza. "Umekutwa ukiuza mbaazi barabarani."

"Siuzi, Sheikh. Nagawa."

"Bure?"

"Bure."

"Na zile sarafu?"

"Watu wananipa. Bure vilevile."

"Na asiyekupa?"

"Anakula, anakwenda salama."

"Akirudi kesho yake?"

Bi Mize akafikiri kidogo. "Kesho yake huwa siioni vizuri sura yake."

Watu barazani wakainamisha vichwa, wakatazama sakafu. Mmoja alikohoa kwa muda mrefu. Sultani hakucheka.

"Mwanamke, unanifanya mtoto? Wewe unampa, yeye anakupa. Asipokupa, humpi tena. Hiyo ni biashara, hata uiite zawadi."

"Ndiyo sheria, Maulana?"

"Ndiyo sheria, kwa kila mtu. Wanaopeana namna hiyo barabarani watafungwa, aliyetoa na aliyepokea."

"Hata wakiwa watu wakubwa?"

"Sheria yangu haina mkubwa wala mdogo," akasema Sultani, na baraza likaitikia kwamba ni kweli.

Bi Mize akajitanda kanga yake vizuri, akamgeukia Kadhi.

"Sheikh, mwaka jana ulimpa Maulana shamba la minazi. Mlikuwa mbele ya msikiti, barabarani, sote tukiona. Papo hapo naye akakuvika kilemba cha ukadhi. Sisi tukapiga vigelegele, tukijua ni zawadi."

Kadhi akamtazama Sultani. Sultani akatazama dari.

"Sasa mmeshatuelimisha," akasema Bi Mize. "Ninaloomba kujua ni moja tu, Maulana. Tukifika mlango wa gereza, nitangulie mimi, au niwapishe wakubwa?"