Kurasa Kutoka Nyumba Iliyofungwa

Ulikuwa mwaka wa nane wa vita, na Rumonge ilikuwa kimya hata mchana. Ziwa lilitulia tuli kama mafuta kwenye sahani. Mbwa wenyewe walikuwa wameacha kubweka. Katika ukimya huo, printa ya Elda ilinguruma yenyewe na kutema karatasi.

Hakuna aliyekuwa ameigusa. Karatasi ilijaa alama za ajabu: mikia, misalaba midogo, herufi zilizokatwa vichwa. Ikaja ya pili. Ikaja ya tatu.

Esperance, mke wa kaka yake Elda, alijibanza ukutani katika nguo zake nyeusi za msiba.

"Wifi, ni Mulamba. Amekasirika. Tumemulilia bila kumuzika!"

Mulamba, mumewe, alitoweka siku basi dogo alilopanda liliposhambuliwa karibu na Minago. Mwili wake haukuonekana. Matanga yalikaliwa kwa Elda, na nyumba ya Mulamba, iliyokuwa ng'ambo ya migomba, ikafungwa kufuli. Kwa desturi ya ukoo wao, hakuna aliyeruhusiwa kuikanyaga mpaka msiba uondolewe. Watu waliiepuka kama shimo la nyoka.

"Muzimu hautumii umeme," Elda alijibu.

"Basi kata ule waya!"

Waya huo ulitoka kwa Mulamba, ukapita chini ya migomba ndani ya mpira wa maji, ukaingia kwa Elda. Mulamba aliufukia mwenyewe ili kompyuta zao mbili kuukuu zitumie printa moja. Esperance aliurukia auchomoe. Elda akamdaka mkono.

"Tulia. Kwanza nijue ubovu uko wapi."

Alichapa ukurasa wake mwenyewe. Ukatoka safi kama maji ya kisima. Basi printa ilikuwa nzima. Elda alijua kwamba alama kama zile hutokea kompyuta inapotuma kazi iliyoandaliwa kwa printa ya aina nyingine. Printa ya zamani iliharibika wakati wa matanga, akaletewa hii kutoka Bujumbura. Kompyuta yake aliirekebisha ielewane nayo. Ya ng'ambo hakuigusa.

"Anayetuma," alisema polepole, "hajui kama nimebadilisha printa."

Akatazama kwenye kioo cha kompyuta yake majina ya mashine zilizounganishwa. Yake ilikuwepo. Chini yake palisomeka: MULAMBA.

"Yesu wangu! Imewashwa na nani?"

"Twende tukaone."

"Mu nyumba ya mufu? Baba mukwe atatulaani!"

"Atulaani tukisharudi."

Kufuli lilikuwa mahali pake, limeota kutu. Elda alisukuma ufunguo mpaka likaachia. Ndani kulinuka kidonda. Kompyuta ilikuwa ikivuma gizani kama nyuki, na mwanga wake wa buluu ulipenya chini ya blanketi lililotundikwa kuuficha. Dirisha la upande wa ziwa lilikuwa limevunjwa. Nyuma ya blanketi kitu kilisogea.

Kilikuwa kimekonda kama ufito. Mguu mmoja ulifungwa shuka, umevimba kama kinu. Macho tu ndiyo yaliyokuwa ya Mulamba.

"Nilitambaa usiku toka kule basini, nikapita dirishani. Nimetuma na kutuma," alinong'ona. "'Mguu umevunjika, leteni maji, musipige kelele.' Wenye bunduki walilala hapo nyuma, sikuthubutu kuita. Sasa hata sauti imekauka. Mbona hamukuja?"

Mulamba aliwatazama kuanzia kichwani hadi miguuni, akashangaa.

"Mama watoto, hizo nguo nyeusi... nani amekufa?"

Esperance alipiga magoti, akaugusa mguu ule kwa ncha ya kidole. Ulikuwa na moto wa homa. Hapo ndipo alipoamini, akakiangukia kifua cha mumewe akilia bila sauti.

Elda alikuwa ameshatoka kwenda kutafuta maji na muuguzi. Mguu uliponea chupuchupu. Lau waya ule ungechomolewa, matanga yale yangekuwa ya kweli. Pafukapo moshi, pana moto.