Nyumba za Sultani Hazina Hodi

Hapo zamani, katika mji wa Kuta Saba, mji uliokuwa na madalali wengi kuliko nyumba, alikaa mjane fukara jina lake Bi Mwanakheri, kazi yake kushona kofia. Watu walimwona akili hazimtoshi, kwa kuwa kila aambiwalo alilifanya vilevile lilivyosemwa. Jirani alipata kumwambia, "Niangalizie chungu changu," naye akaketi akakiangalia mpaka wali ukawa makaa. Alipogombezwa akajibu, "Hukuniambia niepue, shoga."

Nyumba aliyopanga ilikuwa mali ya Sultani Hadidi, kama zilivyokuwa nyumba zote za mtaa ule. Basi Sultani alipotaka apangishwe mtu mwingine, mwenye kujiweza zaidi, Bi Mwanakheri hakubisha. Aliomba jambo moja tu: binti yake Raya alikuwa amejifungua siku sita zilizopita, na mzazi hatolewi nje kabla ya arobaini yake. Wangehama siku ya arobaini na moja. Akakubaliwa, na siku ya kuhama ikatajwa, ikaandikwa.

Ikawa tangu hapo hawakupata raha. Dalali wa Sultani, Msellem, alianza kuleta watu waione nyumba, wala hakupiga hodi. Asubuhi alileta mpishi wa harusi, akapima mlango kwa mikono ajue kama masufuria yake yatapita. Adhuhuri alileta kijana anayetaka kuoa pamoja na shangazi zake watano. Kijana aliona haya akabaki ukumbini. Shangazi hawakuona. Wakaingia hadi ndani, chumba ambacho hata baba wa mtoto hakukiingia bila kukohoa kwanza, wakafunua chandarua.

"Kitanda hiki kinabaki?" akauliza shangazi mkubwa.

"Kinabaki," akasema Msellem.

"Na huyu?" Akamwonyesha Raya kwa kidole, na mtoto yuko kifuani ananyonya.

"Huyo anahama."

Siku ya tatu maziwa ya Raya yakakatika. Mtoto akalia hata sauti ikamkauka. Mkunga akaja, akamtazama mzazi, akautazama mlango, akasema, "Mama, huyu apate siku saba za utulivu, maziwa yatarudi. Asipopata, mimi sina dawa nyingine."

Basi Bi Mwanakheri akajitanda buibui lake, akaenda barazani kwa Sultani, akapiga magoti.

"Maulana, mjakazi wako hakatai nyumba kuonyeshwa. Naomba tu dalali apige hodi, na chumba cha mzazi kisiingiwe."

Sultani Hadidi siku ile alikuwa na wageni, akapenda kuonekana mwenye kauli. Akasema, "Ewe bibi, nyumba ni yako au ni yangu?"

"Ni yako, Maulana."

"Basi sikiliza. Katika nyumba zangu, mwenye kukaa akishatajiwa siku ya kuhama, mlango wake ni wa dalali. Aingie na wageni wake saa yoyote, chumba chochote, pasi na hodi."

"Hata bafuni, Maulana?"

"Hata bafuni."

"Hata kama mtu hajajistiri?"

"Na ajistiri upesi!" Wageni wakacheka.

"Ni nyumba zako zote, Maulana, au ile yangu tu?"

"Zote! Mwandikieni huyu, maana naona kichwa chake hakihifadhi." Karani akaandika neno kwa neno, muhuri ukapigwa, naye Bi Mwanakheri akaibusu karatasi, akashukuru, akaenda zake.

Mji mzima ulijua kuwa Sultani amejijengea kasri jipya juu ya kilima, na mpiga mbiu alikwisha kuitangaza siku atakayolihama kasri la zamani. Bi Mwanakheri alipofika kwake akawakuta Msellem na shangazi watano mlangoni, wamerudi kupima mapazia.

"Bwana Msellem," akasema, "mabibi hawa unawachosha na kibanda bure. Iko nyumba ya Sultani ya vyumba thelathini, ina bustani na kisima ndani, na mwenye kukaa siku yake imetajwa. Wala hakuna dalali aliyewahi kuionyesha."

"Ipi hiyo?"

"Kasri."

Msellem akamaka, akasema, "Una wazimu wewe." Akapewa karatasi, akaisoma. Nyumba zote, na muhuri chini. Akaanza kupiga hesabu ya ujira wa dalali kwa vyumba thelathini, na alipoimaliza, wazimu ulikuwa umemwambukiza. Akakiweka sawa kilemba chake, akasema, "Mabibi, nifuateni." Bi Mwanakheri naye akaichukua karatasi yake, akafuatana nao.

Walinzi wa kasri waliuona muhuri, wakajitenga.

Saa ile Sultani alikuwa bafuni, kajifunga kikoi, mtumishi anampaka piko ndevuni. Mji wote uliamini weusi wa ndevu zile ni wa kuzaliwa nao. Upande wa kulia ulikwisha kuwa mweusi ti, na wa kushoto mweupe kama pamba. Mara pazia likafunuliwa.

"Bafu pana hili," akasema shangazi mkubwa. "Birika linabaki?"

Msellem akajificha nyuma ya mabibi. Bi Mwanakheri akajibu, "Linabaki, shangazi."

"Na huyu babu?"

"Huyo anahama."

Sultani akaruka, kikoi kakishika kwa mikono miwili. "Mmeingiaje? Nani kawaruhusu kuingia bila hodi?"

Bi Mwanakheri akainamisha macho, akampa karatasi. Sultani akaisoma mara ya kwanza akitafuta upenyo, na mara ya pili akitafuta wa kumlaumu, na mara zote mbili akaukuta muhuri wake mwenyewe. Akasema kwa sauti ndogo, "Aibu gani hii, mtu kutazamwa hivi."

"Maulana, wewe wametazama ndevu zako tu. Binti yangu walimtazama kifua, na maziwa yamekauka, na mtoto hana sauti tena ya kulilia."

Shangazi mkubwa akalishusha pazia polepole.

Kisha nyuma ya pazia wakasikia kicheko. Sultani alicheka hata piko ikamchirizika shingoni. Akamwita karani, akaifuta amri ile, akaamuru kuwa dalali atapiga hodi mara tatu, na asipoitikiwa atarudi alikotoka. "Nanyi mabibi, mmeona nini humu?"

"Bafu tu, Maulana," wakasema wote watano. Kufikia alasiri mji mzima ulikuwa na habari za bafu lile.

Sultani akamwambia Bi Mwanakheri, "Omba utakacho."

"Sina haja ya kitu, Maulana. Nitahama kama ulivyotaka. Ila siku ya kuhama niitaje mimi mwenyewe."

"Umepewa." Ikaandikwa, ikapigwa muhuri.

Siku ya tano baada ya hapo maziwa ya Raya yakarudi. Arobaini ikapita, mtoto akatambaa, akasimama dede, akapelekwa chuoni kusoma Kurani. Na kila mwaka Msellem hutumwa kuiulizia siku. Husimama nje, hupiga hodi mara tatu, huitikiwa, hupewa kahawa na kashata. Kisha Bi Mwanakheri humwambia, "Msalimie Maulana. Mwambie bado naifikiria."